Mwaliko wa Kujaza na Mwaliko wa Kupanga: Uhakiki wa Nafasi ya Msanifu Asiye Mwanaprogramu katika Tovuti za Serikali, Mikoa ya Shinyanga na Geita

Ikisiri

Makala haya yanahakiki swali moja la usanifu wa mifumo ya TEHAMA: je, kiunzi cha programu cha kiwango cha juu kiwakaribishe wasanifu wa tovuti wasiojua kuandika programu, au kibaki kuwa zana ya wahandisi peke yao? Swali hilo linachunguzwa kupitia tovuti za mikoa ya Shinyanga na Geita na halmashauri zake 12, ambazo zilijengwa kwa kiunzi cha pamoja cha tovuti za Serikali na kukabidhiwa kwa maafisa habari na maafisa TEHAMA wa ngazi hizo. Uhakiki umeongozwa na Nadharia ya Upokezi. Hoja kuu ni kwamba mwaliko kwa wasio wanaprogramu unafaa, na katika ukanda wa dhahabu una uzito wa kisheria. Hata hivyo, mwaliko huo una aina mbili. Upo mwaliko wa kujaza nafasi zilizokwisha kupangwa, na upo mwaliko wa kupanga nafasi zenyewe. Aina ya kwanza imefanikiwa kuzipa halmashauri uwepo mtandaoni. Aina ya pili ndiyo inayohitajika ili mwananchi wa kata inayopakana na mgodi apate jibu la swali lake.

1.0 Utangulizi

Katika Kiswahili, neno kiunzi lina maana zinazovutana. Kwa fundi, kiunzi ni fremu inayoshikilia jengo au chombo. Kwa mwanariadha, ni kizuizi kinachowekwa njiani ili kirukwe. Wanataaluma nao wamelifanya neno hilo kuwa jina la mihimili ya nadharia inayobeba utafiti. Katika taaluma ya kompyuta, kiunzi cha programu ni mkusanyiko wa misimbo, kanuni na mazoea unaompunguzia mwanaprogramu kazi ya kuanza kila mfumo upya: namna ya kuongea na hifadhidata, kupokea maombi kutoka kwenye kivinjari, kulinda nywila na kuchora ukurasa. Maana hizo mbili za awali, ya fremu na ya kizuizi, zinafaa kubaki akilini katika uhakiki huu wote. Kiunzi kilekile kinachomshikilia mhandisi kinaweza kuwa kizuizi kwa mtu aliye nje ya taaluma yake.

Mjadala kuhusu nani akaribishwe kutumia viunzi hivi umekuwapo tangu miaka ya mwisho ya 1990. Upande mmoja hudai kuwa zana ya kitaalamu ikijaribu kumridhisha kila mtu hupoteza kina chake. Upande wa pili hudai kuwa tovuti ni chombo cha mawasiliano kabla ya kuwa programu, na kwamba anayejua ujumbe na hadhira ndiye anayepaswa kushika usukani. Mara nyingi mjadala huo umeendeshwa kana kwamba ni suala la ladha za wataalamu. Makala haya yanauhamishia mahali ambapo matokeo yake yanaonekana: mikoa miwili ya Kanda ya Ziwa ambako madini ni riziki ya watu wengi, na ambako taarifa kuhusu madini ni haki iliyoandikwa katika sheria.

Mkoa wa Geita ulianzishwa mwaka 2012 kutokana na sehemu za mikoa ya Mwanza, Shinyanga na Kagera. Una halmashauri sita: Geita Manispaa, Geita Wilaya, Bukombe, Chato, Mbogwe na Nyang'hwale. Mkoa wa Shinyanga nao una sita: Shinyanga Manispaa, Shinyanga Wilaya, Kahama, Kishapu, Msalala na Ushetu. Katika eneo hili upo mgodi wa dhahabu wa Geita, uliofunguliwa mwaka 2000. Upo Bulyanhulu katika Msalala, ulioanza uzalishaji mwaka 2001. Na upo mgodi wa almasi wa Mwadui katika Kishapu, ambao asili yake ni mwaka 1940. Ulikuwapo pia Buzwagi katika Kahama, ulioanza uzalishaji mwaka 2009 na kuusitisha mwaka 2021. Pembeni mwa migodi hiyo wapo wachimbaji wadogo wenye maduara, wenye makarasha na wachenjuaji wa marudio, ambao maamuzi ya halmashauri huwagusa siku kwa siku.

2.0 Kiunzi cha nadharia

Nadharia ya Upokezi, iliyoendelezwa na wahakiki wa Chuo Kikuu cha Konstanz nchini Ujerumani, hususan Hans Robert Jauss na Wolfgang Iser, ilihamisha macho ya uhakiki kutoka kwa mtunzi kwenda kwa msomaji. Iser alionyesha kwamba kila matini hubeba ndani yake msomaji inayemtarajia: kiasi cha maarifa anachopaswa kuwa nacho, mapengo anayotakiwa kuyaziba mwenyewe, na mahali ambapo matini haimruhusu kuingia. Jauss naye alizungumzia upeo wa matarajio ambao hadhira huja nao mbele ya kazi.

Mihimili hiyo inaweza kutumika kwa viunzi vya programu kwa sababu kiunzi nacho ni matini yenye mpokeaji anayedokezwa. Mahali pa kujaza kichwa cha habari panamdokeza mtu mwenye habari. Mahali pa kuandika msimbo panamdokeza mhandisi. Mahali ambapo hakuna kitufe chochote panamdokeza mtu asiyetarajiwa kuuliza. Kwa tovuti ya Serikali, wapokezi ni wawili waliopangana: afisa anayekipokea kiunzi kutoka kwa wahandisi, na mwananchi anayeipokea tovuti kutoka kwa afisa. Upeo wa yule wa pili hauwezi kufikiwa ikiwa yule wa kwanza amedokezwa kama mjazaji tu. Hilo ndilo dai linalojaribiwa katika sehemu zinazofuata.

Uhakiki unasoma tovuti kama zinavyoonekana kwa umma: anwani, menyu, vichwa vya sehemu na aina za matini zinazochapishwa.

3.0 Mialiko mitatu katika historia ya viunzi

Kabla ya kuitazama Kanda ya Ziwa, ni vema kuonyesha kwamba mwaliko kwa wasio wanaprogramu umewahi kujaribiwa kwa njia tofauti, na kila njia iliacha funzo.

Mfano wa kwanza ni Zope, kiunzi kilichotolewa kwa umma mwaka 1998. Zope kiliwaruhusu watumiaji kujenga kurasa na hata kuandika misimbo wakiwa ndani ya kivinjari, bila kugusa seva moja kwa moja. Baadaye kilileta violezo ambavyo maagizo yake yalifichwa ndani ya sifa za lugha ya HTML, ili msanifu aweze kuufungua ukurasa katika zana zake za kawaida bila kuuharibu. Nia ilikuwa njema. Lakini hatua za mwanzo zilipokuwa rahisi, hatua zilizofuata ziligeuka ukuta: msanifu aliyekwisha kuzoea kazi ya kivinjari alijikuta ghafla akihitaji dhana nzito za programu ili asonge mbele. Mwaliko ulikuwa na mlango, lakini haukuwa na ngazi.

Mfano wa pili ni Django. Kiunzi hiki kilizaliwa katika chumba cha habari cha gazeti la Lawrence Journal-World, jimboni Kansas nchini Marekani, kazi ikianza mwaka 2003 na kutolewa kwa umma mwaka 2005. Mazingira hayo ya gazeti yaliacha alama mbili. Kwanza, lugha ya violezo vya Django ilipunguzwa nguvu kwa makusudi: msanifu anaweza kurudia orodha, kuweka sharti na kupanga tarehe, lakini hawezi kuendesha msimbo wowote autakao. Pili, mwanaprogramu akishatangaza aina ya maudhui, kwa mfano habari au tukio, kiunzi humtengenezea mhariri fomu za kuingizia maudhui hayo. Hapa mwaliko una mipaka iliyo wazi. Msanifu na mhariri wana vyumba vyao, na mhandisi ana chake. Hata hivyo, uwezo wa kutangaza aina mpya ya maudhui ulibaki kwa mhandisi.

Mfano wa tatu ni Drupal, ambao ulisogeza mpaka huo. Kufikia toleo la 7, lililotoka Januari 2011, uwezo wa kuunda aina za maudhui na nyuga zake ulikuwa umeingizwa katika kiini cha mfumo, na mtu aliweza kuutumia kupitia kiolesura bila kuandika mstari wa msimbo. Jamii ya Drupal ilipata kundi la kati: wajenzi wa tovuti ambao si wahandisi, lakini wanaelewa kwamba orodha ya wagonjwa na orodha ya vitabu zinahitaji nyuga tofauti. Toleo la 8 la mwaka 2015 liliuegemeza mfumo zaidi kwenye mbinu za wahandisi, na mwaka huohuo kikundi kilichoona kwamba watumiaji wadogo wanaachwa kilizindua Backdrop, tawi lililotokana na toleo la 7. Tukio hilo linaonyesha kwamba mwaliko ni uhusiano unaohitaji kutunzwa. Waliokaribishwa wakahisi hawatakiwi tena, huondoka na ujuzi wao.

Kutokana na mifano hii, inabainika kwamba swali la kama kiunzi kiwakaribishe wasio wanaprogramu halina jibu moja la ndiyo au hapana. Linagawanyika katika maswali matatu: nani aandike maudhui, nani aamue sura, na nani atangaze aina za maudhui. La tatu ndilo lenye mamlaka makubwa zaidi, kwa kuwa aina ya maudhui huamua ni maswali gani tovuti inaweza kuyajibu.

4.0 Tovuti za Shinyanga na Geita

4.1 Mafanikio ya mwaliko wa kujaza

Wakala ya Serikali Mtandao ilianzishwa mwaka 2012, na kwa Sheria ya Serikali Mtandao Na. 10 ya mwaka 2019 ikawa Mamlaka ya Serikali Mtandao. Miongoni mwa kazi zake ni kiunzi cha pamoja cha kutengenezea tovuti za taasisi za umma. Mwaka 2017, kwa ushirikiano na Ofisi ya Rais, Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa, na kwa msaada wa Mradi wa Uimarishaji wa Mifumo ya Sekta za Umma uliofadhiliwa na Marekani, tovuti za mikoa 26 na halmashauri 185 za Tanzania Bara zilizinduliwa kwa kiunzi hicho. Maafisa habari na maafisa TEHAMA walifundishwa namna ya kuzihuisha.

Uamuzi huo ulikuwa wa kimwaliko kwa maana kamili. Afisa habari wa halmashauri kwa kawaida ni mtu wa taaluma ya uandishi wa habari au mawasiliano kwa umma. Kumkabidhi tovuti bila kumtaka ajue programu ni kukiri kwamba tovuti ni kazi ya lugha. Faida zake hazipaswi kubezwa. Halmashauri isiyo na bajeti ya kuajiri mhandisi ilipata tovuti yenye anwani rasmi. Mzabuni aliyezoea tovuti ya Kishapu hapotei anapofungua ya Chato, kwa sababu matangazo yako palepale. Usalama nao unasimamiwa na watu wenye ujuzi, badala ya kuachwa kwa mkandarasi mmoja anayeweza kutoweka na nywila.

Kwa lugha ya nadharia, kiunzi hiki kilimdokeza mpokezi wake vizuri katika swali la kwanza kati ya yale matatu, yaani nani aandike.

4.2 Mipaka ya mwaliko huo

Tatizo linaanza pale macho yanapohama kutoka kwenye uandishi kwenda kwenye mpangilio. Tovuti za mikoa na halmashauri zinafanana kwa menyu: kuhusu sisi, utawala, idara na vitengo, fursa za uwekezaji, huduma, miradi, machapisho na kituo cha habari. Mpangilio huu unafuata muundo wa ofisi. Unajibu swali la mtu anayetaka kujua halmashauri imeundwaje. Kwa kuwa vichwa hivyo vinarudiwa kutoka halmashauri moja hadi nyingine, iwe ya pwani, ya wafugaji au ya machimbo, ni haki kuhitimisha kuwa umbo lake halikutokana na maswali ya wakazi wa mahali husika.

Hata anwani zenyewe zinatoa ushahidi wa aina hiyo. Anwani ya Geita Wilaya hubeba herufi mbili za kifupisho cha Kiingereza cha neno halmashauri ya wilaya, na ya Shinyanga Manispaa hubeba za manispaa. Anwani ni neno la kwanza la matini ya tovuti. Mwananchi anayejua kwamba anaishi Geita anatakiwa kwanza ajue hadhi ya kiutawala ya halmashauri yake, kisha aijue kwa Kiingereza. Halmashauri inayopandishwa hadhi, kama Kahama ilivyofanywa manispaa mwaka 2021, hukutana na swali la kubadilisha jina hilo lote. Hili ni jambo dogo kwa mhandisi. Kwa mpokezi, ni kizuizi cha kwanza cha kuruka.

Uzito wa jambo unaonekana zaidi katika Sheria ya Madini. Marekebisho ya mwaka 2017 yaliweka kifungu cha 105, kinachomtaka mmiliki wa leseni ya madini kuandaa kila mwaka mpango wa wajibu wa kampuni kwa jamii na kukubaliana na serikali ya mtaa husika kuhusu mpango huo. Kifungu hichohicho, kama kilivyowekwa mwaka 2017, kiliipa kila halmashauri majukumu matatu: kuandaa miongozo, kusimamia utekelezaji, na kuuelimisha umma kuhusu miradi katika maeneo yao. Jukumu la tatu ni la mawasiliano. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa Na. 6 ya mwaka 2016 inaliimarisha kwa upande wa mwananchi.

Sasa achukuliwe mkazi wa kata iliyo jirani na mgodi katika Msalala au Geita Wilaya. Maswali yake yanatabirika. Mwaka huu kata yetu imepangiwa nini? Ni zahanati, madarasa au kisima? Kiasi gani kimekubaliwa, nani mkandarasi, na kazi imefika hatua gani? Maswali hayo yana muundo mmoja: kata, kijiji, mradi, kiasi, hatua, tarehe ya kukabidhi. Huo ndio umbo la aina ya maudhui. Lakini katika mpangilio wa pamoja, jibu lake linaweza kukaa katika sehemu tatu tofauti: kama hati ndefu katika machapisho, kama mstari katika miradi inayoendelea, au kama habari ya siku ambayo kiongozi alikwenda kuukagua mradi. Mkazi akipata hati, itambidi aisome yote ili aone kata yake. Akipata habari, ataona picha na hotuba, na siku chache baadaye habari hiyo itasukumwa chini na nyingine.

Hapa ndipo utanzu unapoathiriwa na kiunzi. Nafasi yenye kichwa, picha, tarehe na aya kadhaa huzaa habari ya tukio. Ziara, uzinduzi na makabidhiano huingia humo bila taabu, kwa kuwa yana siku na yana picha. Mpango wa miaka mitatu wa visima hauna siku moja wala picha moja, hivyo hauna pa kuketi. Afisa habari analaumiwa kwa kuandika ziara za viongozi kila mara, ilhali nafasi aliyopewa imeumbwa kwa ajili ya ziara. Lawama hiyo inapaswa kuelekezwa kwenye umbo la nafasi kabla ya kuelekezwa kwa mwandishi.

Hoja hiyohiyo inahusu soko la madini. Geita lilizinduliwa soko la dhahabu tarehe 17 Machi 2019, na baada ya hapo masoko mengine yakafunguliwa, likiwemo la Kahama. Mapema mwaka huohuo, Serikali iliwaondolea wachimbaji wadogo kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 na kodi ya zuio ya asilimia 5. Kwa utaratibu wa wakati huo, muuzaji alibaki na mrabaha wa asilimia 6, ada ya ukaguzi ya asilimia 1 na ushuru wa huduma wa asilimia 0.3 unaokwenda halmashauri. Mchimbaji anayetoka kwenye duara na gramu zake chache anahitaji jedwali moja linaloonyesha makato hayo kwa gramu alizo nazo. Halihitaji hotuba wala picha. Linahitaji mtu anayemjua mchimbaji huyo, na mwenye mamlaka ya kuunda jedwali. Mtu wa namna hiyo yupo katika halmashauri. Mamlaka ndiyo hayajamfikia.

4.3 Mfano kutoka machimboni

Mgawanyo wa kazi katika machimbo madogo unasaidia kulieleza pengo hili. Mwenye leseni, mwenye duara, wachimbaji, wenye makarasha na wachenjuaji hushirikiana bila kila mmoja kujua kazi ya mwenzake kwa kina. Mchimbaji hahitaji kuijua kemia ya uchenjuaji. Hata hivyo, mgawo wa mawe hujadiliwa, na anayeingia shimoni ana neno la kusema kuhusu mahali mwamba unakoelekea, kwa kuwa yeye ndiye anayeuona. Duara ambalo mchimbaji wake anaruhusiwa kubeba viroba tu, bila kuulizwa mwamba umeelekea wapi, hupoteza dhahabu.

Afisa habari wa halmashauri ndiye aliye shimoni. Anahudhuria vikao vya Baraza la Madiwani, anasikia maswali ya wenyeviti wa vijiji, na anajua ni jambo gani hurudiwa kuulizwa. Ujuzi huo ni ujuzi wa kupanga. Kiunzi kinachomwomba abebe viroba vya habari bila kumuuliza mpangilio kinapoteza kile alichokuwa nacho cha thamani zaidi.

5.0 Hoja pinzani

Hoja ya kwanza dhidi ya msimamo huu ni ya usalama. Kila uwezo unaoongezwa kwa mtumiaji ni mwanya mpya, na tovuti ya Serikali ikivamiwa, aibu na hasara ni za taifa. Hoja hii ni ya kweli kuhusu msimbo, lakini haigusi aina za maudhui. Mfano wa Django unaonyesha kwamba msanifu anaweza kupewa uhuru uliokatwa kwa makusudi, na mfano wa Drupal unaonyesha kwamba kuongeza uga wa kata au wa kiasi ni kazi inayoweza kufanyika bila kumfungulia mtumiaji mlango wa seva.

Hoja ya pili ni ya usawa wa sura. Inadaiwa kwamba halmashauri zote zikijipangia, mwananchi atapotea. Faida ya usawa ilikwisha kukubaliwa katika sehemu ya 4.1, na haipaswi kutupwa. Lakini usawa wa sehemu za msingi, kama vile zabuni, ajira, mawasiliano na bajeti, hauzuii kuwapo kwa sehemu moja ya mahali. Halmashauri ya machimbo inaweza kuwa na sehemu ya wajibu wa migodi, na ya ziwani ikawa na sehemu ya mialo ya samaki, huku mengine yote yakibaki kama yalivyo.

Hoja ya tatu ndiyo nzito zaidi, nayo inatoka kwa wahandisi wenyewe. Wanadai kwamba mtu asiye na mafunzo akipewa uwezo wa kuunda aina za maudhui ataziunda vibaya: ataandika kiasi cha fedha kama maneno, atachanganya kata na kijiji, na baada ya miaka miwili data haitaweza kujumlishwa. Historia inaipa hoja hii nguvu. Zope kilionyesha madhara ya mlango usio na ngazi. Hata hivyo, hitimisho sahihi la hoja hii ni mafunzo na uangalizi, na wala si kufunga mlango. Mafunzo yaliyotolewa kwa maafisa yalihusu namna ya kuhuisha tovuti. Mafunzo ya namna ya kuichambua taarifa hadi ikawa nyuga ni ya aina nyingine, na yangeweza kutolewa kwa siku chache kwa watu ambao tayari wamezoea kuuliza nani, nini, wapi na lini. Hao ni waandishi wa habari. Maswali hayo ndiyo taaluma yao.

Ipo pia faida inayorudi kwa wahandisi. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Kiunzi kinachopokea maombi ya aina mpya za maudhui kutoka Mbogwe, Ushetu na Nyang'hwale hujifunza mahitaji ambayo hayaonekani Dodoma. Aina iliyoundwa vizuri katika halmashauri moja ya machimbo inaweza kupitiwa, kurekebishwa na kutolewa kwa nyingine zote zenye migodi. Kwa njia hiyo, mwaliko unageuka kuwa chanzo cha maarifa kwa mwenye kiunzi.

6.0 Hitimisho na mapendekezo

Uhakiki huu umeonyesha kwamba swali la kama kiunzi cha kiwango cha juu kiwakaribishe wasanifu wasio wanaprogramu linajibika kwa kutofautisha mialiko miwili. Mwaliko wa kujaza ulifanyika mwaka 2017, na ulizipatia halmashauri za Shinyanga na Geita sauti mtandaoni. Mwaliko wa kupanga bado haujaonekana katika sura za tovuti hizo, na kukosekana kwake kunaathiri utanzu wa taarifa, nafasi ya mwananchi kama mpokezi, na uwezo wa halmashauri kutimiza jukumu la kifungu cha 105.

Inapendekezwa kwamba kiunzi cha tovuti za Serikali kigawanywe katika tabaka tatu za mamlaka zilizo bayana. Tabaka la usalama na msimbo libaki kwa wahandisi wa Mamlaka. Tabaka la uandishi libaki wazi kwa maafisa habari kama lilivyo. Kati yake liwekwe tabaka la upangaji, ambapo afisa habari na afisa TEHAMA wa halmashauri, baada ya kufundishwa, wanaweza kupendekeza na kuunda aina ya maudhui kwa idhini ya Mamlaka. Aina ya kwanza ya kujaribiwa katika ukanda wa dhahabu iwe mradi wa wajibu wa kampuni kwa jamii, ukipangwa kwa kata na kijiji, ukiwa na kiasi, mkandarasi, hatua na tarehe ya kukabidhi.

Kipimo cha mafanikio kisiwe idadi ya habari zilizopandishwa kwa mwezi. Kiwe uwezo wa mwenyekiti wa kijiji kilicho jirani na mgodi, mwenye simu ya kawaida ya intaneti, kuona mradi wa kijiji chake na hatua uliyofikia, kabla hajaenda kwenye mkutano mkuu wa kijiji ambako wananchi watamuuliza.